Milimita za Bwera zinaenda wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Bwera, wilaya ya Kasese. Mwaka 2016 mradi wa watafiti wa Ulaya na chuo kimoja cha hapa nchini uliweka kipima mvua uani kwa shule yetu na kunifundisha kukisoma. Mradi uliisha baada ya miaka mitatu, kipima mvua kikabaki, nami nimeendelea kuandika kila asubuhi. Nina madaftari saba. Sasa wamekuja wengine, mradi mpya wa tabianchi, Wazungu wawili na kijana mmoja kutoka Kampala. Wanataka kuyachukua madaftari yote wakayapige skani, na watarudi Jumatatu. Mke wangu ananicheka, anasema nimewalimia wageni shamba bila hata kupewa jembe. Nauliza: namba zangu zinaenda wapi? Kwa nini watu watoke mbali hivyo kutafiti mvua ya Bwera? Na sisi huku tunapata nini? (Pia kuna mparachichi umekua karibu na kipima mvua, sijui kama ni tatizo.)

JIBU: Mwalimu, nianze na lisilongoja, kwa kuwa Jumatatu iko karibu. Madaftari yasitoke shuleni. Wapige picha hapohapo kwenye meza yako, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ya picha zote ibaki kwenye simu yako kabla hawajawasha gari.

Sisemi hivyo kwa chuki. Miaka mingi iliyopita, kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi, kikundi cha watafiti kiliazima madaftari matatu makubwa ya mvua kwa ahadi ya kuyarudisha baada ya wiki mbili. Yalirudi mawili. La tatu, lenye mvua za El Niño ya 1997, sijaliona tena hadi leo, na sidhani kama aliyelipoteza anajua alichopoteza. Siku iliyopita bila kupimwa hairudi, wala haina duka inakouzwa. Hilo ndilo nitakalokuwa nikilizunguka katika jibu hili lote, kwa hiyo nivumilie.

Namba zinaenda wapi? Zina njia mbili. Kituo cha hali ya hewa cha Kasese, kile cha pale kiwanjani pa ndege, kinapima kwa ratiba ya dunia nzima. Wewe unasoma saa tatu asubuhi kwa sababu ulifundishwa hivyo, lakini pengine hukuambiwa kwamba saa tatu yetu ni 06:00 kwa saa za Greenwich, mojawapo ya saa ambazo vituo duniani kote husoma vyombo vyao kwa pamoja. Vipimo vya kituo kama hicho hupelekwa Entebbe, vikapitia Nairobi, vikaingia kwenye mzunguko wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO. Baada ya saa chache viko kwenye kompyuta za Kituo cha Ulaya cha utabiri, chenye makao Reading, Uingereza, na mashine zake Bologna, Italia. Huko vinachanganywa na vipimo vya meli, ndege, maputo na setilaiti, na kinachotoka ndicho msingi wa utabiri unaousikia redioni. Mabadilishano hayo ni ya bure kwa mkataba: nchi wanachama wa WMO zilikubaliana mwaka 1995 kwamba vipimo vya lazima vitolewe bila malipo, na mwaka 2021 wakaupanua mkataba huo.

Kipima mvua chako hakimo katika njia hiyo. Chako kinapita njia ya pili, ya vichochoroni: daftari, kompyuta ya mtafiti, makala, halafu, kama mtafiti ni mtu wa adabu, hifadhi ya kumbukumbu za hali ya hewa ya taifa. Asipokuwa na adabu namba hufia kwenye kompyuta yake. Ndiyo maana mkeo ana hoja.

Pamoja na hayo, namba ya vichochoroni ina kazi ambayo ya kiwanjani haiwezi kuifanya. Watu wengi huamini kwamba setilaiti inaiona mvua. Zinazotumika zaidi kukadiria mvua ya Afrika huona joto la kilele cha wingu. Wingu refu lina kilele chenye baridi kali, na kompyuta hudhani kwamba chini yake kuna mvua. Kwa ngurumo za bonde hesabu hiyo inakaribia ukweli. Kwa mlima inakosea: hewa yenye unyevu ikisukumwa juu ya Rwenzori hutoa mvua kutoka kwenye wingu fupi, lenye joto, ambalo setilaiti inalitazama na kupita. Unaweza kulowa hadi mifupa huku kompyuta ya ng'ambo ikiandika "kavu".

Kwa hiyo kuna wanaofanya kazi ya kurekebisha. Inayotumika sana katika kanda yetu inaitwa CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara: inachukua picha za setilaiti tangu 1981, inazirekebisha kwa vipima mvua vya ardhini, na kutoa ramani ya mvua yenye miraba ya kilomita 5 hivi. Wapangaji wa chakula cha msaada, mashirika ya bima ya mazao, wanafunzi wa Makerere, wote wanaitumia. Mahali penye vipima mvua vingi ramani hiyo ni nzuri. Mahali pasipo na kitu ni setilaiti inajisemea peke yake. Na Uganda tuna pengo kubwa: vituo vingi vya mvua vilivyokuwa vikisomwa miaka ya 1960 vilikufa katika vurugu za miaka ya 1970 na 1980, na vingi havikufufuka. Daftari lenye miaka mfululizo kutoka mguuni mwa mlima ni kitu ambacho wageni wako hawawezi kukinunua popote.

Sasa kwa nini watoke mbali?

Sababu ya kwanza ni kwamba mvua ya Bwera haitengenezwi Bwera. Nusu ya habari yake iko Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2019 maji ya upande wetu wa bahari hiyo yalipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakapoa, hali iliyowahi kutokea 1961 na 1997, na Afrika Mashariki ikanyeshewa hadi ikachoka. Nusu nyingine iko magharibi: siku ambazo upepo unageuka kutoka msitu wa Kongo unaleta unyevu, na upepo huo nao hutegemea mambo yanayotokea maelfu ya kilomita kutoka hapa. Hakuna serikali inayoweza kupima vyote hivyo peke yake. Wakoloni wenyewe waliliona hilo. Tangu 1929 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa yenye makao Nairobi, na tulibaki nayo hadi Jumuiya ilipovunjika 1977. Leo kazi ya kukaa pamoja inafanywa na ICPAC, kituo cha IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake) kilichoko nje kidogo ya Nairobi, kinachohudumia nchi 11. Tangu 1998 wataalamu wa nchi hizo hukutana kabla ya kila msimu na kubishana mpaka wapate utabiri mmoja. Nimekaa katika vikao hivyo. Ubishi ni wa kweli, na chai ni nzuri.

Sababu ya pili ni mashine, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa inaugusa mlima wako. Modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa, hugawa dunia katika miraba. Kwa miaka mingi mraba mmoja ulikuwa na upana wa kilomita 100 au zaidi. Rwenzori yote ina urefu wa kilomita 120 hivi, na upana wake ni nusu ya hapo. Ndani ya mraba kama huo Margherita, mita 5,109, inasawazishwa pamoja na bonde la Ziwa Edward inakuwa kilima. Modeli hiyo haijui kwamba Bwera ina mlima! Vilevile haiwezi kutengeneza ngurumo moja, maana ngurumo ina upana wa kilomita chache tu, inalazimika kuikisia.

Mradi mmoja mkubwa uliolipiwa na Uingereza, Future Climate for Africa, ulivunja kizuizi hicho. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilitengeneza modeli ya Afrika nzima yenye miraba ya kilomita 4.5, ikaiendesha kwa miaka 10 ya sasa na miaka 10 ya mwisho wa karne hii, na matokeo ya kwanza yakachapishwa 2018. Tawi la mradi huo lililohusu ukanda wetu liliongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds, Makerere wakiwemo. Jibu la modeli hiyo lilikuwa kali kuliko la zile za zamani: mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa, na katikati ya mvua na mvua siku kavu zitarefuka. Kwa mwalimu mwenye shamba la maharage hiyo ni habari mbili mbaya kwa pamoja, maana wastani wa mwaka unaweza usibadilike na shamba likaharibika vilevile.

Mashine za namna hiyo hatuna. Lakini modeli isiyolinganishwa na mvua iliyonyesha kweli ni mchoro mzuri tu, na mvua iliyonyesha kweli iko kwenye madaftari. Wao wana kompyuta nyingi na milimita chache. Wewe una milimita.

Nije kwenye barafu, kwa sababu najua ndiyo inayowaleta wengi Kasese. Mwaka 1906 msafara wa Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia ulipanda Rwenzori, ukapima na kupiga picha. Kutokana na kazi hiyo tunajua kwamba barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Waliochapisha hesabu hiyo mwaka 2006 walikuwa wa Chuo Kikuu cha London pamoja na wenzetu wa Makerere, wa wizara ya maji na wa idara ya hali ya hewa, majina yao yote juu ya makala moja. Mara ikazuka hoja: watafiti wa Innsbruck, Austria, walisema joto peke yake halitoshi kueleza, ukavu wa hewa na upungufu wa mawingu nao uhesabiwe. Walijibizana hadharani, kwa maandishi. Naona vizuri wasomaji wajue hivyo, maana watu hufikiri wanasayansi wa tabianchi ni kwaya inayoimba sauti moja.

Lakini swali ambalo watu wa Kasese huniuliza si la Austria. Wanauliza: nzururu, theluji ya mlimani, ikiisha, mito itakauka? Wazee wa Bakonzo wanaoijua theluji kuwa makao ya Kithasamba, mungu wa mlima, wana maumivu yao, na hayo sina kipimo chake. Kuhusu maji, jibu limepimwa. Kundi lilelile la London na Kampala lilifuatilia maji ya mto Mubuku, likakuta kwamba yanayotokana na kuyeyuka kwa barafu hayafiki asilimia 2 ya maji ya mto pale chini ya mlima, msimu wa mvua na wa kiangazi pia. Kinachoujaza mto ni mvua inayonyesha kwenye misitu na vinamasi vya juu, ambavyo huishika na kuiachia polepole. Barafu ikiisha tutapoteza mengi, watalii wakiwemo, lakini mfereji wako wa umwagiliaji hautakatika kwa sababu hiyo. Ukikatika, au ukifurika, itakuwa ni mvua au ni uoto wa juu.

Wapiga picha wanapanda hadi kwenye barafu, halafu jambo linaloamua maisha ya bondeni linapimwa na mwalimu kwa mkebe uani.

Tazama mafuriko. Mei 2013 mto Nyamwamba uliingia Kilembe na mjini Kasese ukiwa na mawe makubwa kama nyumba. Watafiti wa Ubelgiji na wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon cha Fort Portal walirudi nyuma kulichunguza tukio hilo. Walichokuta ni kwamba mvua ilikuwa chanzo, lakini ukali ule ulikuwa na wasaidizi: moto uliokuwa umeunguza uoto wa juu ya bonde kabla ya hapo, na maporomoko yaliyomwaga udongo, mawe na magogo mtoni. Matokeo kama hayo yana maana kwa mtu wa kawaida. Ukiambiwa "ni mabadiliko ya tabianchi" unabaki umekunja mikono. Ukiambiwa moto ulichangia, mwenyekiti wako wa LC, serikali ya kijiji, ana la kufanya. Mei 2020 mito ikarudi tena, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, nanyi huko mpakani mnaukumbuka mto Lhubiriha kuliko nitakavyoweza kusimulia.

Watu haohao wa Ubelgiji na Fort Portal walifanya jambo jingine ambalo nalisifu kuliko makala zao. Mwaka 2017 walianzisha kikundi cha wachunguzi wenyeji wa Rwenzori, wakawapa simu na mafunzo, wawe wanaripoti maporomoko, mafuriko, mvua ya mawe na matetemeko ya vijijini mwao. Kabla ya hapo orodha ya majanga ya mlima huo ilitegemea nani alipiga simu gazetini. Ukitaka kujua ushirikiano wa sayansi unafananaje ukienda vizuri, uliza habari za kikundi hicho.

Umeuliza mnapata nini. Nitakupa mfano wa mbali kidogo, Teso, mashariki mwa Uganda, kwa sababu ni wazi. Novemba 2015 modeli ya mafuriko ya Ulaya iitwayo GloFAS ilionyesha uwezekano mkubwa wa mito kujaa upande wa Kapelebyong. Msalaba Mwekundu wa Uganda, kwa fedha zilizowekwa tayari, wakagawa madumu ya maji, sabuni, dawa ya kusafisha maji na mifuko ya kuhifadhia vitu kabla ya maji kufika. Ilikuwa moja ya mara za kwanza duniani msaada wa namna hiyo kutolewa kwa kuamini utabiri, bila kungoja picha za watu juu ya mapaa. Ugumu wake si kompyuta. Ugumu ni kukubaliana mapema: uwezekano ukifika kiasi gani tutoe fedha, tukijua kuna siku tutazitoa na mafuriko yasije? Huwezi kuupanga mstari huo bila kujua miaka iliyopita maji yalifika wapi kwa mvua ya milimita ngapi. Tunarudi palepale, kwenye daftari.

Ziwani pia ipo. Wavuvi wa Victoria hufa kwa dhoruba za usiku. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka kwa nchi zote tatu. Mradi wa WMO ulioitwa HIGHWAY, kati ya 2017 na 2020, uliziunganisha Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda kutoa utabiri wa ziwa wenye lugha ya mvuvi: upepo, mawimbi, saa, eneo. Kwenye mwalo watu hawataki asilimia. Wanataka kujua kama waingie au walale.

Sasa upande wa mkeo. Kuna waliohesabu fedha za utafiti wa tabianchi duniani kuanzia 1990 hadi 2019. Utafiti uliohusu Afrika ulipata asilimia 3.8. Na katika fedha hizo za utafiti juu ya Afrika, asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Marekani Kaskazini. Taasisi za Afrika zilipata 14.5. Namba hizo ziko kwenye ripoti ya 2022 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, kwa hiyo si malalamiko ya baa. Mwenye fedha ndiye mwenye swali. Ndiyo sababu barafu imepata wageni wengi, na mvua ya Mei juu ya Lhubiriha wachache.

Tena anayelipa anaweza kuzima taa. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa uliokuwepo tangu 1985, ulitoweka kwenye intaneti ghafla, ukarudi miezi kadhaa baadaye. Katika miezi hiyo wapangaji wa chakula wa kanda nzima walibaki wanapapasa. Vituo vingi vya kisasa vya kupima mvua navyo nimeviona vikifa kimyakimya mradi unapokwisha, betri ikiwa imechoka, uzio umeng'olewa, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya kupimia upepo. Ndiyo maana napendelea mradi wa Norway uliowakutanisha Makerere, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Juba pamoja na Bergen: wanafunzi wetu walibuni na kuunda vituo wenyewe. Kikiharibika, fundi yuko Kampala. Chako wewe hakina hata betri. Usikidharau.

Kuna jambo moja nisilokuficha, kwa sababu wageni wako wanaweza kuja na ramani ya rangi wakakuambia mvua za Machi hadi Mei zitaongezeka. Modeli nyingi husema hivyo. Lakini vipimo vya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010 vilionyesha mvua hizo zikipungua. Wanasayansi wenyewe wakakiita kitendawili. Mwaka 2019 kundi lililoongozwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Reading lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na msimu kufupika: mvua ilianza kwa kuchelewa, ikaondoka mapema, bila kupoa ukali. Mkulima yeyote angewaambia. Hata hivyo hadithi hiyo ni ya mashariki zaidi, Kenya na Ethiopia; ninyi wa mpaka wa Kongo mna mvua yenye tabia yake, na nikichukua kitendawili cha Garissa nikakitegulia Bwera nitakuwa nimekudanganya. Waulize wageni wako moja kwa moja: ramani hii ililinganishwa na kipima mvua gani cha karibu na hapa? Watakavyojibu utajua umekaa na nani.

Jumatatu wakija, waombe kwanza barua ya kibali cha utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Mtafiti wa kweli anayo, na kwa kawaida ameshapita kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Mwombe kijana wa Kampala akuonyeshe yeye ni mshirika wa mradi au ni mkalimani tu. Hilo ni swali la heshima na yeye mwenyewe atafurahi umeliuliza. Kisha weka masharti yako kwenye karatasi moja, mkuu wa shule aweke mhuri: nakala ya kila picha kwako, nakala nyingine iende hifadhi ya hali ya hewa ya taifa, Entebbe au Kampala, shule itajwe kwa jina katika chochote kitakachochapishwa, na matokeo yaletwe hapo shuleni, kwa Kiswahili au Lukonzo, kabla ya Machi, wakati watu bado hawajapanda. Hilo la tarehe likazie. Nimewahi kuletewa matokeo ya msimu ambao tulikuwa tumeshauvuna.

Kuhusu posho, omba. Dakika tano kila asubuhi ni saa 30 kwa mwaka, na miradi yenye fedha za Ulaya huwa na fungu la wasaidizi wa ndani. Aibu ya kutaja pesa huwafaidi wao, haikufaidi wewe. Lakini ushauri wangu ni kwamba usiifanye posho kuwa ndiyo sababu ya kusoma, maana mradi utaisha tena.

Wakikataa masharti hayo, waage kwa upole. Sidhani watakataa. Mtu aliyetoka ng'ambo kutafuta miaka ya mvua mfululizo hawezi kuiacha kwa sababu ya mhuri wa shule.

Kabla hawajapiga picha, pitia madaftari uone mambo mawili. Siku zisizo na mvua uliandika 0, au uliacha wazi? Nafasi iliyo wazi mtafiti hawezi kujua kama ilikuwa kavu au hukuwepo. Na wikendi na likizo nani alisoma? Kama Jumamosi na Jumapili hakukusomwa, mvua ya siku tatu imeingia Jumatatu, na kompyuta itagundua kwamba Bwera hunyesha sana Jumatatu. Usifute wala kusahihisha kitu. Andika tu ukurasa mmoja wa maelezo, kwa kalamu ya rangi nyingine, ukiutia tarehe.

Mparachichi: ndiyo, ni tatizo. Kitu chochote kinatakiwa kiwe mbali na kipima mvua angalau mara mbili ya urefu wake, na ikiwezekana mara nne. Mti ukiwa na mita 6, uwe umbali wa mita 12 kwa uchache, la sivyo majani yanakinga mvua ya upepo na namba zako zinapungua mwaka hadi mwaka bila mvua kupungua. Kama unazaa vizuri usiukate. Hamisha kipima mvua, pima hatua ngapi umekisogeza na kuelekea upande gani, na uandike siku hiyo kwenye daftari. Ukipata mkebe wa pili wa aina ileile, acha mmoja mahali pa zamani kwa msimu mzima, usome yote miwili, na unitumie namba.